Mama ananifunga bouling ya Wii kila Alhamisi, wajuzi wa gemu njooni

KijanaWaChumbageni

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Niko Tanga, Chumbageni, nina shida mbili na gemu moja na naombeni msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Kaka yangu yuko Maskati, mwaka jana alivyokuja likizo alituletea Wii, ile mashine nyeupe ya gemu ya Nintendo, mtumba lakini safi, ina rimoti mbili, nanchaku moja (kile kishikio cha mkono wa pili kinachochomekwa kwenye rimoti) na sidii ya Wii Sports yenye michezo mitano, tenisi, besiboli, bouling, gofu na ndondi. Sasa mi nimekulia kwenye vibanda vya gemu Ngamiani, mpira wa kwenye pedi mtaani kwetu sina mpinzani, nikajua hii nayo ni ya kuonea watu tu. Nikawafunga wadogo zangu wiki nzima mpaka wakasusa. Ndo mama akasema hebu na mimi nijaribu huo wenu wa kuviringisha tufe.

Jamani. Mama ana miaka 58, simu yake ni ya kupiga na kupokea na kusikiliza mawaidha anayotumiwa WhatsApp, pedi hajawahi kushika maishani. Siku ya kwanza kapata 94, nikacheka. Siku ya tatu 131. Sasa hivi hashuki 160 na juzi kafika 187 mi niko na 120. Na kinachouma ni anavyocheza, kanga kaifunga kiunoni, anaamka mkekani, anarusha taratibu kama hataki, vichupa tisa kati ya kumi chini, la pili anamalizia kile kimoja kilichobaki, anarudi kukaa anaendelea kuchambua mchele. Halafu straiki, kuangusha vyote kwa mrusho mmoja, mi ndo napata nyingi kuliko yeye! Narusha kwa nguvu zote mpaka usiku bega linaniuma, lakini matokeo yakija yeye juu.

Shida ya pili ni ule mkono wa kwenye skrini wa kuchagulia vitu. Siku nyingi umetulia tu, ila Alhamisi jioni unaruka ruka kama kuku kakatwa kichwa, unakimbilia pembeni ya TV, hata jina langu nashindwa kulibonyeza. Na Alhamisi ndo siku yenyewe maana dada yangu wa Makorora anakuja kulala na wanawe. Nimebadilisha betri mara mbili, nimefuta kioo, ile sensa nimeiweka juu ya TV nimeiweka chini ya TV, wapi. Wadogo zangu wanasema mama kaniwekea kitu. Na nyie wa Dar msianze na yale yenu ya Tanga, nawajua.

Naombeni maelezo ya kitaalamu, hiki kifaa kinafanyaje kazi mpaka mtu anayerusha polepole anamshinda anayerusha kwa nguvu, na huo mkono una nini na Alhamisi.

Mgosi_wa_Mabawa

Mgosi pole sana aisee. Ushafungwa na mtu anachambua mchele, wewe hata ukishinda sasa hivi hiyo historia haifutiki. Mi nilidhani Tanga tunarogana kwa mapenzi tu kumbe mpaka bouling.

PediMojaTu

Mkuu uza hiyo kitu mapema ununue PS. Wii ni ya mwaka 2006, picha yake imefifia, haina hata tundu la HDMI, mchezo wenyewe wa vikaragosi. Unapunga punga mkono mbele ya ukuta, jirani akichungulia dirishani atakuitia shehe akusomee. Gemu ni pedi bana, unakaa, unanyoosha miguu, unacheza.

BintiSahare

@PediMojaTu we hujaelewa hata swali. Mpe mama yako pedi yenye vitufe kumi na kitu umwambie afunge goli uone kama hajakuuliza "sasa nabonyeza wapi" mpaka mechi inaisha. Hiyo Wii Sports iliuza zaidi ya nakala milioni 82, na sababu ni kwamba kurusha tufe kila mtu anajua hata bibi yangu mimi. Kwenye PS nyie vijana mnacheza, sisi wengine tunawaletea chai.

FundiWaBarabaraYa12

Kijana usiuze. Nitaanza na shida ya pili maana ya kwanza ni yako mwenyewe, nitakwambia.

Kile kipande kirefu chembamba unachokiita sensa, kila mtu anakiita hivyo, hakihisi kitu chochote. Ndani yake kuna vitaa tu, vimejikusanya ncha ya kulia na ncha ya kushoto, mwanga wake jicho halioni. Waya wake unabeba umeme wa kuviwasha, hamna habari inayorudi kwenye mashine. Jicho lenyewe liko kwenye rimoti, pale mbele penye kidude cheusi, hiyo ni kamera ndogo inatafuta zile nukta mbili za mwanga kisha inapiga hesabu umeelekeza wapi. Kama huamini washa kamera ya simu, ya mbele mara nyingi ndo inaona vizuri, ielekeze kwenye kile kipande, utaona vinukta vya zambarau.

Kwa hiyo mkono ukiruka ujue rimoti inaona nukta zaidi ya mbili au inaona moja. Fanya hivi, Alhamisi hiyo hiyo shida ikianza ingia kwenye mipangilio ya Wii, nenda sehemu ya sensa, halafu pale pa kuongeza na kupunguza ukali, pana ngazi 1 mpaka 5. Pale TV inakuonyesha kitu ambacho rimoti inakiona. Simama unapochezea siku zote uelekeze rimoti. Zinatakiwa nukta mbili tu. Ukiona tatu au nne kuna mwanga mwingine hapo, jua la dirishani, taa ya balbu, kioo kinachorudisha mwanga, chochote. Kaangalie uje utwambie.

Sasa kufungwa. Wakati wa kurusha tufe huo mkono hautumiki kabisa! Kwenye rimoti kuna kichipu kinachopima mwendo wako, unaongeza kasi kiasi gani na upande gani, mbele nyuma, juu chini, kulia kushoto. Sensa ukiichomoa katikati ya bouling tufe linaenda kama kawaida. Kwa hiyo mkono wa Alhamisi usiusingizie, unafungwa kihalali.

KijanaWaChumbageni

Duh fundi umenimaliza. Ngoja Alhamisi ifike nitaleta jibu.

Mzee_wa_Raskazone

Marahaba vijana. Mimi ni mstaafu, miaka yangu ya kazi nilikuwa karani wa hesabu, na hicho kitu ninacho, binti yangu alikiacha hapa kwa ajili ya wajukuu na sasa anayekitumia sana ni babu. Nimesoma hesabu zako kijana nikacheka peke yangu, maana 187 kwa 120 ni hesabu inayojieleza yenyewe.

Bouling haihesabu vichupa tu. Raundi ni 10. Ukiangusha vyote kumi kwa mrusho wa kwanza, hiyo straiki, unapewa 10 na juu yake unaongezewa utakachopata kwenye mirusho miwili inayofuata. Ukivimaliza kwa mrusho wa pili unapewa 10 na utakachopata kwenye mrusho mmoja unaofuata. Ukibakisha kichupa hata kimoja unapata ulivyoangusha basi, huongezewi kitu.

Sasa chukua mtu ambaye hajapata straiki hata moja. Kila raundi anaangusha tisa, halafu anamalizia kimoja. Kila raundi inampa 10 na 9 za mrusho unaofuata, ni 19, mara kumi ni 190. Haya chukua na kijana mwenye nguvu, kapata straiki tano, lakini kila baada ya straiki anakuja anaangusha saba tu na tatu zinabaki zimesimama zinamtazama. Straiki inampa 17, raundi inayofuata 7, jumla 24, mara tano ni 120. Mwanangu, straiki tano unafungwa na mtu asiye na straiki, na unafungwa kwa 70! Mama yako hatafuti sifa, anamalizia kilichobaki. Wewe nikikukisia mrusho wa pili unaurusha kwa hasira.

Na je unajua kusogea? Vile vitufe vya msalaba, kulia na kushoto vinamsogeza mchezaji wako, na ukibonyeza A unabadilisha, badala ya kusogea unageuza mwelekeo wa tufe. Kichupa kikibaki pembeni kabisa huwezi kukipata umesimama katikati. Ninakuuliza kwa sababu vijana wengi wa pedi wanadhani kwenye hiki kifaa kila kitu ni mkono.

Lingine, hebu niambie ile kamba ya rimoti mnaivaa? Mjukuu wangu aliona ni ushamba, akaja kwenye ndondi mkono una jasho, rimoti ikaruka ikaingia kwenye kioo cha kabati la vyombo, sahani za harusi ya bibi yake mbili zikaenda. Nilipofuatilia nikakuta hata huko duniani watu walishavunja TV, mpaka Desemba 2006 kampuni ikatangaza kubadilisha kamba kama milioni 3.2 kwa nyingine nene zaidi, na 2007 wakaanza kutoa zile gamba laini za kuvisha rimoti. Hapa kwangu sheria ni moja tu, hujavaa kamba hushiki rimoti, hata uwe mgeni wa heshima.

Mgosi_wa_Mabawa

Shikamoo mzee. Sasa hesabu hii ya 24 mara tano ungeileta shuleni kwetu na mimi ningefaulu.

KijanaWaChumbageni

Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu nimekaa kimya. Kusogea nilikuwa sijui wallahi, mi nasimama pale pale katikati nakamua. Mama namuonaga anabonyeza bonyeza kabla ya kurusha, nikadhani kakosea kitufe. Nimemuuliza sasa hivi ananiambia "nilimuuliza mtoto wa dada yako siku ya kwanza". Siku ya kwanza!

Kamba mama anavaa, mi sivai. Ila kwetu kilichokwenda mpaka sasa ni glopu tu, dogo kapiga smashi ya tenisi kaitoa kwenye dari.

NgomaBagamoyo

Niko Bagamoyo, nasoma ngoma na maigizo hapa TaSUBa, chuo cha sanaa, naomba na mimi nichangie maana hesabu mzee kazimaliza ila kuna mwili hapo. Chumbani kwetu kuna Switch, mashine nyingine ya Nintendo, ya jamaa mmoja na tunacheza Switch Sports, bouling ipo pia, na nimeona kitu hicho hicho, mabaunsa wanafungwa na wadada wembamba.

Kijana ukirusha kwa nguvu unabana bega, ukibana bega mkono unakwenda kwa kukata, unaanza unasimama unaanza. Na mwisho kiganja kinajipinda bila wewe kujua. Kile kichipu alichosema fundi hakijui kwamba ulikuwa umekusudia kunyoosha, kinaona kiganja kimepinda kinalipindisha tufe. Ndo maana linakata kona. Mama yako mkono wake unaning'inia kutoka begani kama kamba, unakwenda nyuma wenyewe unarudi mbele wenyewe, kasi inaongezeka taratibu na anapoachia kitufe ni pale pale kila siku. Kwenye ngoma mwalimu akituona tumebana anatupiga kibao cha begani, anasema mkono uache uanguke.

Umewahi kumuona mama anachota maji kisimani? Muangalie. Ukitupa ndoo kwa nguvu inaelea inakucheka, anayejua anaibembeza kamba halafu anatoa kipindo kidogo cha kiganja pale pale ndoo inapogusa maji, inalala inazama. Mi bibi yangu wa Kaole alinifundisha nikiwa na miaka minane ikanichukua wiki. Sasa mtu aliyefanya hicho kitendo miaka yote ukimpa rimoti unamfundisha nini?

Kuhusu kitufe, B ile ya chini ya kidole cha shahada, ishike, peleka mkono nyuma, ulete mbele, achia mkono ukiwa unapita mbele yako. Ukiachia ukiwa bado nyuma tufe linawarukia watazamaji wanaruka juu wote, hiyo ifanye mara moja kwa makusudi watoto watacheka mpaka kesho. Jizoeze mara ishirini kwa mkono mlegevu bila kuangalia matokeo. Kile kidude cha mazoezi kwenye Wii Sports kipo, kuna moja vichupa vinaongezeka kila raundi mpaka vinafika 91, kizuri sana kwa kulegeza bega maana unarusha bila mawazo.

PediMojaTu

Sasa mbona kwenye tenisi jamaa zangu walikuwa wanacheza wamekaa kwenye kochi, wanatikisa kiganja tu na wanashinda? Bega hapo liko wapi?

NgomaBagamoyo

Ni kweli, kwenye tenisi ya ile ya zamani inawezekana. Kule mchezaji anajikimbiza mwenyewe kufuata mpira, kazi yako ni muda tu wa kupiga, ukiwahi unakwenda upande huu ukichelewa unakwenda upande ule. Kiganja kinatosha. Ila ukicheza hivyo na familia utabaki peke yako sebuleni.

KijanaWaChumbageni

Hiyo ya kukaa nilishaijaribu. Mama akatoa hukumu, "anayepiga amekaa hahesabiwi". Dada akaunga mkono, ikapita.

BintiSahare

Samahani naingilia uzi, mi nina chumba na sebule, TV bado chogo, watoto wawili na baba yao ambaye akikaa haamki. Nataka kitu cha namna hii kabla ya Idi. Ninunue Wii, hiyo Switch, au ile ya kamera isiyoshikwa chochote? Fundi naomba nisaidie.

FundiWaBarabaraYa12

Dada, ile ya kamera, Kinect ya Xbox, iache. Haihitaji rimoti ni kweli, inaona mwili mzima, lakini kuona mwili mzima inataka usimame mbali, mtu mmoja kama mita 1.8 na wawili kama 2.4. Kwenye sebule yenye makochi na meza ya kati utacheza umeegemea mlango. Wii mita moja mpaka tatu inakutosha na TV chogo ndo inaipenda, zile nyaya zake za njano nyeupe nyekundu unachomeka moja kwa moja. TV mpya nyingi hazina hayo matundu, kuna kidude cha kugeuza kwenda HDMI, siyo ghali.

Switch Sports ni ya 2022, picha nzuri, ilianza na michezo sita wakaongeza gofu na baadaye 2024 mpira wa kikapu, kama mfuko unaruhusu ni kitu. Ila ile ya bei nafuu, Switch Lite, usiibebe ukadhani ni hiyo, haiungi kwenye TV.

Ukienda Wii ya mtumba nakuomba uangalie mambo haya kabla hujatoa hela. Adapta yake igeuze usome maandishi. Iliyotoka Japani imeandikwa 100V, ya Marekani 120V, na kwetu kwenye soketi ni 230. Nimeshaletewa moja mtu kaichomeka kwa kigeuza plagi tu, kigeuza plagi kinageuza miguu, umeme hakigeuzi, adapta ikatoa sauti na harufu basi. Jingine, Wii ya Japani haikuuzwa pamoja na sidii ya Wii Sports kama kwingine, na hata ukiitafuta sidii yenyewe lazima iwe ya Japani vilevile, mashine ya ukanda mmoja haisomi sidii ya ukanda mwingine. Tafuta ya Uingereza ulale usingizi. Na uichomekee kwenye gadi ya TV, siyo ukutani, umeme ukikatika na kurudi ule wa kurudi ndo unaua.

Rimoti moja pia inatosha kuanzia. Bouling na gofu mnapokezana ile ile moja, hata wanne. Tenisi na ndondi ndo kila mtu na yake, na ndondi inataka na nanchaku yake juu.

BintiSahare

Asante sana fundi, Mungu akuzidishie. Nitamwambia baba watoto ni kwa ajili ya watoto.

KijanaWaChumbageni

Wakuu nimerudi. Jana ilikuwa Alhamisi. Msomeni huyu fundi kwa makini huyu mtu si wa kawaida.

Saa kumi na mbili mkono umetulia kabisa. Dada kafika na wanawe, tumeswali magharibi, nimewasha, mkono unaruka. Nikaingia pale pa ukali, tabu kweli kufika maana mkono wenyewe ndo huo, nikafika. Nukta TATU. Mbili zimetulia, ya tatu iko chini kulia, inang'aa inafifia inang'aa, kama inapumua. Nikakaa naiangalia, nywele zinasimama, dogo kaanza kusoma ayatul kursi.

Ndo mtoto wa dada, yule yule wa siku ya kwanza, akasema "mjomba si chetezo hicho".

Jamani mama usiku wa kuamkia Ijumaa anachoma udi nyumba nzima, kila wiki tangu nizaliwe, akimaliza vyumbani chetezo anakuja kukiweka kwenye kabati la TV rafu ya chini, makaa yanawaka mekundu pale pale chini ya sensa! Nikakishika nikakipeleka barazani, nukta ya tatu ikaondoka. Nikakirudisha, ikarudi. Nikafanya hivyo mara nne mpaka mama akaniuliza nacheza na moto kwa nini.

FundiWaBarabaraYa12

Hahahaha, wallahi hii sijawahi kukutana nayo. Ila ni sawa kabisa, makaa yanatoa mwanga ule ule usioonekana, moto wowote unatoa. Watu ambao sensa yao imekatika waya wanaweka mishumaa miwili juu ya meza, kama sentimita 20 baina yake, na rimoti inafanya kazi vizuri tu. Siku umeme ukikatika na mishumaa mnayo, sensa mnayo, mtakuwa mmekosa TV peke yake.

Mgosi_wa_Mabawa

Kwa hiyo fundi unathibitisha mbele ya watu kwamba mama alikuwa anamfukiza.

Mzee_wa_Raskazone

Matokeo kijana. Umezungusha maneno matokeo hujasema.

KijanaWaChumbageni

Mzee nilikuwa napita pembeni kidogo.

Nimecheza bega limelegea kama alivyosema wa Bagamoyo, nimesogea kwa vitufe, mrusho wa pili sijakasirika hata mara moja. Nimepata 158, tangu nianze sijawahi kufika huko. Straiki mbili tu. Nikakaa naringa.

Mama 171. Na alipokea simu ya shangazi raundi ya nane akarushia mkono wa kushoto.

Nikamwambia kuna watu kwenye simu wamenieleza unavyonifunga, nikamsomea ile ya ndoo na kisima. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyo wa Bagamoyo kalelewa vizuri, mumsalimie. Halafu akaniuliza na huyo mzee wa hesabu yeye hupata ngapi.

Mzee_wa_Raskazone

Mwambie salamu zimefika. Rekodi yangu ni 203, lakini sikuwa napokea simu.

KijanaWaChumbageni

Nimemsomea. Kasema kesho hachambui mchele, watauchambua wengine. Na kanituma betri mpya, naenda dukani.